Binti Kajibu

Watu waliojazana mlangoni mwa Uwanja wa Amaan jioni ile wangetosha kujaza viwanja viwili, na kila mmoja alikuwa na la kusema. Ndiyo maana Kidawa alipelekwa pale. Alikuwa mtangazaji wa Soga la Chai, kipindi cha asubuhi cha redio moja ndogo ya Shangani, na kazi yake ilikuwa kuokota maneno ya watu: mpira, siasa, bei ya muhogo, uchumba, chochote kinachosemwa barazani na kinachoweza kurushwa hewani bila ya kumpeleka mtu kortini. Alivaa buibui jeusi na mtandio mwekundu, maana yeye ni Simba toka tumboni, na hakuona sababu ya kulificha hilo kwa ajili ya kazi.

Akamsogezea kinasa sauti mwanamme wa kwanza aliyemuona hasukumi wenzake. Alikuwa mrefu, ndevu amezichonga vizuri, kavaa jezi ya kijani na njano iliyopigwa pasi mpaka ikaota mistari mikononi. Kidawa hajapata kumuona mtu aliyepiga pasi jezi.

"Samahani kaka. Leo nani anashinda?"

"Muuza maji," akajibu yule. "Siye wengine wote tutaondoka na kiu."

"Nnakuuliza timu."

"Timu yangu. Lakini sipendi kukuudhi na huo mtandio wako."

"Mtandio wangu umekukosea nini?"

"Haujanikosea kitu. Umekupendeza, ndo tabu yenyewe. Miye leo nimekuja kuichukia rangi hiyo."

Kidawa alicheka mpaka akasahau swali la pili. Waliokuwa nyuma wakamsukuma yule mtu ndani, naye akageuka mara mbili kumtazama. Asubuhi yake, kipindi kilipokwisha, simu ya studio ikalia. "Mbona mmenikata?" ikauliza sauti. "Nilikuwa na maneno ya maana baada ya pale. Nipe namba yako nikumalizie."

Jina lake Haroub, fundi wa viyoyozi, mtu wa Uroa anayeishi mjini, na kutwa alikuwa juu ya Vespa yake akienda hoteli moja baada ya nyingine, leo Matemwe, kesho kwao Uroa. Alimwita Kidawa mtani, Kidawa akamwita fundi. Wakaanza kwa kubishana mpira, kama watani wote wa timu zile mbili, kisha mpira ukawa kisingizio tu. Walizungumza kila kitu. Kwa nini wagombea hukumbuka njia za mashamba zikiwa na kura na kuzisahau zikiwa na mashimo. Kwa nini mtu anayechelewa harusini hufika wa kwanza kwenye sinia la pilau. Jumamosi walikutana Michenzani, wakanywa juisi ya ukwaju mbele za watu kwa heshima zao, Haroub katika shati jeupe la mikono mirefu na harufu ya udi aliyoiiba kwa mama yake.

"Mtani," alimwambia siku moja kwa simu, "leo umesema redioni wanaume wa Unguja hawajui kuomba msamaha."

"Uongo?"

"Si uongo. Ila ulikuwa unanitazama mimi."

"Ntakutazama vipi redioni, wewe?"

"Nnakujua. Sauti yako ikimtaka mtu, hugeuza shingo."

"Na kama nlikuwa nakutazama?"

Nyundo ya mtu iligonga mbali huko alikokuwa Haroub. "Basi, laazizi, itabidi niwalete wazee wakutazame na wao," akasema.

Kidawa usiku ule hakupata usingizi wa maana. Alimpenda mtu yule, na mwenye kupenda hivyo huogopa. Kilichomtia hofu ni siasa. Nyumba ya kina Haroub na nyumba ya kina Kidawa hazijapata kupiga kura upande mmoja, na zilikuwapo zama Unguja hii ambapo hilo peke yake lilitosha kuvunja posa, hata kuzuia watu wasizikane. "Hayo yamepita," Haroub alimwambia. "Na kama hayakupita, tutayapitisha siye." Lakini na yeye sauti yake haikuwa na uhakika.

Posa ikaja. Mzee Msabah, baba yake Haroub, alifika na wenzake wawili, wakapokewa na Ami Wakil, ndugu wa baba yake Kidawa, kwa vile baba mwenyewe alikuwa ameshafariki. Ami Wakil alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, mtu wa kanzu safi na maneno machache, na mambo ya ndoa aliyashika kama alivyofunzwa. Alipokwisha kuwasikiliza wageni, akaahidi kuwapelekea jawabu, na kesho yake akaja kumuuliza Kidawa mwenyewe.

Sasa hapa msomaji ajue dasturi. Msichana anayeposwa kwa mara ya kwanza haambiwi atoe hotuba. Huulizwa, akainamisha kichwa, akanyamaza, na kimya chake ndicho ridhaa yake. Mama yake, Bi Mwanakheir, alimkumbusha hayo toka asubuhi. "Ukiulizwa, mwanangu, tazama mkeka." Kisha akaenda jikoni kupika kahawa.

"Pamekuja watu," alisema Ami Wakil. "Kijana anaitwa Haroub, mtoto wa Mzee Msabah wa Uroa. Unasemaje?"

Kidawa aliutazama mkeka. Wallahi aliutazama. Lakini furaha ilimpanda kooni, na ulimi wake ulikuwa umezoea kulipwa mshahara kwa kusema.

"Kwani Ami, yuko tayari kuhama timu?"

Alingoja Ami yake acheke. Ami Wakil hakucheka. Alishika ndevu, akamtazama kwa muda, akasema, "Haya. Nimesikia." Akavaa viatu vyake akaondoka kabla ya kahawa.

"Umekubali?" aliuliza mama, sinia mkononi.

"Nimekubali, mama," akasema Kidawa, akamkumbatia nusura kahawa imwagike.

Wakasubiri. Siku zikapita, hakuja mtu wa kuzungumza mahari. Bi Mwanakheir alimuuliza shemeji yake, naye akamjibu, "Jawabu yao tushawapelekea," na kwa adabu ya watu wazima mazungumzo yakaishia hapo. Kidawa akampigia Haroub. Simu ililia mpaka ikachoka. Akapiga tena. Akaandika: "Mbona kimya, fundi?" Alama mbili zikageuka buluu, maana yake kasoma, na jawabu haikuja.

Lililomuuma Kidawa zaidi ya kuachwa ni kutojua kosa lake. Alikwenda kazini, akapaka wanja, akavaa mitandio ya rangi zote isipokuwa ule mwekundu, akaipigia soga Unguja kila asubuhi mpaka watu wakachelewa kazini kwa kumsikiliza. Alizungumzia waamuzi, mabango ya uchaguzi yanayogeuzwa mapazia, wanaume wanaosema "nakuja" nao bado wamo kitandani. Kila neno alilitupa hewani akijua kuna mtu mmoja, juu ya dari la hoteli fulani, huenda anasikiliza. Vespa yoyote ikipita chini ya dirisha la studio, aliinuka kuchungulia. Mapenzi hayana haya. Usiku alisikiliza sauti za zamani alizotumiwa, ile moja hasa ambayo Haroub hakusema kitu cha maana, analalamika tu kwamba mkate wa ufuta umepungua ukubwa, na Kidawa akalia kwa ajili ya mkate.

Katika hali hiyo ikaja posa ya pili. Mtu huyu aliitwa Mbarouk, anafanya kazi Maskati, wa ukoo mzuri, hana sifa mbaya hata moja. Ami Wakil akaketi pale pale, akauliza vile vile: "Unasemaje?"

Kidawa hakuwa na la kusema. Aliinamisha kichwa kwa kuwa kilikuwa kizito, akautazama mkeka kwa kuwa hakutaka machozi yaonekane. Alijua kimya kile kitasomwaje. Akaona liwe liwalo, yule aliyemtaka hakumtaka.

"Alhamdulillahi," alisema Ami Wakil, na mara hii alisubiri kahawa. Nikaha ikapangwa Mbarouk atakapokuja likizo.

Ikawa asubuhi moja, mbichi ya mvua za vuli, msikilizaji mmoja akaleta mada: wachumba wanaoingia mitini. Kidawa angeweza kuipangua. Faiza, fundi mitambo wake, alimfanyia ishara ya mkono kupitia kioo kwamba aipangue. Hakuipangua.

"Nna shoga yangu mmoja," alisema hewani. "Kapelekewa posa na mtu anayempenda. Akakubali. Basi yule mwanamme kuanzia siku ile hapokei simu, haji, hasemi. Mtu ukishakubaliwa unakimbia nini? Nipigieni mnieleze, wanaume, miye sijui."

Akapiga wa Jang'ombe, akapiga wa Bububu, kila mmoja na busara zake za bure. Kisha simu ya tatu.

"Soga la Chai, karibu. Nani mwenzetu?"

"Msikilizaji, niko Matemwe."

Kidawa aliijua sauti ile. Upepo ulivuma kwenye simu ile. Faiza alinyanyuka kwenye kiti chake.

"Haya, msikilizaji wa Matemwe," alisema Kidawa. "Tueleze."

"Nna swali kabla sijaeleza. Huyo shoga yako, alipoulizwa na wazee wake, alinyamaza au alijibu?"

"Swali gani hilo?"

"Nnakuomba, dada. Alinyamaza au alijibu?"

"Alijibu. Alifanya mzaha kwa furaha yake. Aliuliza kama huyo mwanamme yuko tayari kuhama timu."

Upepo wa Matemwe ukavuma peke yake, na redioni hilo ni jambo la kufukuzwa kazi.

"Basi mwambie shoga yako," ilisema ile sauti, na sasa ilikuwa imepasuka, "kwa upande wa mwanamme ililetwa jawabu ya maneno mawili. Binti kajibu. Yule mwanamme akauliza, kajibu nini? Baba yake akamwambia, hilo haliulizwi, mtoto wa watu akijibu ujue hataki. Akadhani ni siasa. Akadhani hafai. Mtu ukishakataliwa kwa wazee, kupokea simu za binti wa watu ni kumvunjia heshima, na zikija unaona unaonewa huruma. Kila asubuhi anapanda darini na redio masikioni. Hajakimbia popote. Alifukuzwa."

Kidawa akavua vipokea sauti masikioni, Unguja nzima ikimsubiri. Faiza akaweka taarabu bila ya kuambiwa.

Mchana ule Kidawa hakula. Alikwenda kwa Ami Wakil baada ya sala ya alasiri, mtandio umeloa mvua, akamkuta anazungusha tasbihi sebuleni, redio ndogo iko pembeni yake imezimwa.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba. Nimekusikia leo. Na aliyekuwa hana redio kaazima."

"Ami, ile siku ya kwanza, niliuliza kwa furaha."

"Mtu akifurahi huuliza?"

"Miye huuliza. Ndo nilivyo. Na hii ya pili nilinyamaza kwa huzuni. Nilikuwa sina nguvu ya kusema. Umevisoma vyote viwili kinyume, na miye ndo niliyekupa nafasi ya kuvisoma hivyo."

Ami Wakil aliiweka tasbihi chini.

"Babaako alikuacha kwangu ukiwa mdogo," alisema. "Jambo moja niliapa, sitakuoza kwa nguvu. Nimeona wasichana wakiozwa kwa nguvu, nimewafungisha nikaha mwenyewe na macho yao nikayaona. Uliposema lile la timu, nikasema huyu hataki, anatafuta njia ya kukataa kwa adabu. Wengine wangekwambia nyamaza, wakachukua kimya chako. Mimi nikaona nisikuonee."

Kidawa hakuwa amelitegemea hilo. Alikuja na hasira, na sasa hakujua aiweke wapi. "Nimekufahamu, Ami," akasema taratibu.

"Nimewapa watu neno. Mbarouk kijana mzuri."

"Mzuri. Simtaki."

"Sasa wa Maskati niwaambie nini?"

"Waambie binti kajibu."

Ami Wakil alimtazama, na mdomo wake ukacheza kidogo chini ya ndevu, mzee asiyecheka. "Aibu hiyo ntaibeba mimi," alisema. "Na huyu wa Uroa? Mara hii nnataka nisikie kwa masikio yangu. Sitaki mkeka, sitaki timu."

Haya ilimjaa Kidawa usoni. Aliyeweza kuzungumza na kisiwa kizima kabla ya chai alihisi ulimi umemganda mbele ya mtu mmoja. Lakini aliwakumbuka wale wasichana walioozwa kwa nguvu, akainua kichwa.

"Nnamtaka, Ami. Kama chama chao ni kingine, nnamtaka. Kama maisha yake yote atavaa kijani, nnamtaka. Nimekonda kwa kumtaka. Nnakuomba uniozeshe."

"Inatosha, inatosha," alisema Ami Wakil, akitazama ukutani kwa stahi. Alivaa miwani, akatoa simu yake ndogo ya vibonye, akaanza kulitafuta jina la Mzee Msabah kwa kidole kimoja.

"Lakini Ami, usianze na habari za timu, maana watadhani tena..."

"Kidawa."

"Naam, Ami."

"Sasa nyamaza, mwanangu. Nazungumza na watu."

Akabonyeza. Simu ya Uroa haikuwahi kulia vizuri, ikapokewa.