Wa Nne Katika Jicho

Katika chumba cha maiti walikuwapo Daktari Hilaire Kambere, mpimaji wa maiti. Charline Kaswera, nesi aliyeandika ripoti. Na Donatille Nyirarukundo, aliyefika asubuhi hiyo kutoka Kalengera. Juu ya meza alilala baba yake Donatille, Muzee Bienvenu Harelimana, aliyekutwa amekufa nyumbani kwake, mtaa wa Mapendo, siku tatu kabla.

Macho ya Muzee yalikuwa wazi. Baada ya siku tatu yalipaswa kuwa na ukungu, na weupe wake kukatwa na mstari mweusi wa ukavu. Yaling'aa kama ya mtu anayesikiliza.

"Papa docteur, niache nimufunge macho kwanza," alisema Donatille. "Kwetu ni mutoto ndiye anafunga. Majirani walijaribu, ikakatala kufunga."

"Ngoja, mama. Nipime kwanza."

Charline alicheka. "Docteur, siku ya mwisho hata Mungu utamuomba papiers, karatasi zake."

Daktari aliinama na tochi. Katika jicho aliwaona wote wameakisiwa, wadogo kama punje. Alihesabu. Akahesabu tena.

"Charline, kuya uone. Humu ndani tuko ngapi?"

"Trois. Tuko watatu."

"Na mu jicho?"

Charline aliinama, akahesabu. "Quatre," alinong'ona. "Wa nne, ule murefu, anasimama nyuma yangu."

Nyuma yake palikuwa na ukuta tu. Harufu ya majivu yaliyolowa ikajaa chumbani, na walipokuwa bado wameinama, wasithubutu kugeuka, wakisikia pumzi ambayo haikuwa ya yeyote kati yao, yule mrefu aliinua mkono polepole mle jichoni, akauweka juu ya kichwa cha Charline mdogo, na papo hapo jicho likawa jeupe kama maziwa, kana kwamba siku tatu zimelifikia kwa mara moja.

Donatille alipitisha kiganja. Macho yakafungika.

"Pepo imetoka," alisema akilia. "Ningefunga kwanza, ingeenda na papa chini ya udongo."

Tangu hapo Charline hakuweza kufumba macho. Padri Damien alimwombea na kumnyunyizia maji ya baraka. Harufu ya majivu iliyomfuata iliondoka kwa muda wa saa moja tu, ikarudi. Siku ya nne mstari mweusi ulikata weupe wa macho yake, naye bado anaongea.

Daktari alimmulika machoni.

"Unaona nani, Docteur?"

"Mimi tu."

"Usinidanganye. Iko nyuma yako?"

Alizima tochi.

"Mimi sina mutoto," alisema Charline. "Nani atanifunga?"



Charline Kaswera alifariki Alhamisi, saa nne asubuhi, macho yakiwa wazi.