Kiraka Kinachotoka Ndani

Ilikuwa mwaka 2014, baridi ilipokwisha, na mablanketi ya mtaa mzima yalikuwa yamemiminika kwa dobi, mama yake Chiriku. Binti huyo aliitwa Chiriku kwa sababu hakujua kunyamaza. Blanketi lililolowa hukamuliwa na watu wawili: mmoja husokotea kulia, mwenzake kushoto. Chiriku na dada yake walisokota kila jioni mpaka mikono ikawa kama si yao.

Jumatatu Chiriku aliamka misuli ikimuuma kwelikweli. Kufikia Jumatano maumivu yalikwisha, malalamiko hayakwisha.

"Mikono bado inauma, mwanangu?" Mama aliuliza.

"Mno, Mama. Nadhani kuna kitu kimekatika humu ndani."

"Kilichokatika ni hamu ya kazi," dada alitania kwa sauti ya uchovu. Hata hivyo alifunga ncha ya blanketi kwenye nguzo, akasokota peke yake. Ijumaa alikuwa na mtihani wa kuingia chuo cha uuguzi. Akishindwa, angebaki kwenye beseni mwaka mwingine.

Alhamisi alasiri dada aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akampa Chiriku kitabu. "Nisomee, mdogo wangu. Macho hayanitii."

Chiriku akasoma: "Seli za misuli huchanika utando wake wa nje mara kwa mara tufanyapo kazi nzito. Utando ukichanika, kalsiamu iliyo nje hupenya kwenye tundu, na hiyo ndiyo habari ya jeraha. Vifuko vidogo vilivyomo ndani ya seli hukimbilia hapo, vikaungana na utando na kuziba tundu kwa muda mfupi." Akauliza, "Haya, dada, kalsiamu isipoingia?"

Dada alikuwa amesinzia, kidevu kifuani, viganja vilivyochubuka vikiwa wazi juu ya magoti.

Chiriku alivitazama, kitabu kikamwia kizito. Akamfuata Mama kwenye kamba ya kuanikia.

"Mama, mikono yangu ilipona tangu jana. Nilikudanganya."

Mama hakufoka, hata nguvu ya kufoka hakuwa nayo. "Na hayo umeyatoa wapi leo?"

Chiriku akamweleza habari za seli. Mama akasikiliza huku akibana shuka.

"Nilimwona dada yako akidhoofika, nisijue tundu liko wapi," akasema. "Seli haijizibi mpaka habari ya jeraha ifike ndani. Nasi vivyo hivyo: uongo uliofichwa hauna dawa. Umesema kweli, vyema. Ila kiraka sitakitoa mimi, mwanangu. Kitatoka kwako."

Sauti zao zilimwamsha dada. Akajikokota kwenda kwenye beseni.

"Rudi ukae," Chiriku akamwambia. "Mikono yangu haiumi, nilikuwa nadanganya. Zamu zangu umezifanya wewe."

"Wewe mtoto! Ningekuwa na nguvu ningekufinya."

"Utanifinya baada ya mtihani. Sasa soma."

Akashika ncha moja ya blanketi, Mama akashika ya pili, wakaanza kusokota.