Maji Yaliyogoma Kutoka Botini

Maji yalitoka ya uvuguvugu. Hilo ndilo la kwanza lililomshtua Urho, maana Oktoba ilikuwa inakatika, boti imeshanyanyuliwa na kreni na kukalishwa juu ya magogo uwanjani, na asubuhi hiyo madimbwi ya njiani yalikuwa yameota ngozi ya barafu. Alikuwa ametumbukiza mpira wa tangi la maji ya kunywa kwenye ndoo, na yaliyomwagikia vidole vyake yalikuwa na joto la maji ya kumwogeshea mtoto. Akanusa. Yalinuka mwani, na chini ya mwani kulikuwa na harufu ya nywele zilizolowa.

Hakumwambia mtu. Watu wa visiwa hivi vya Finland hawana mazoea ya kusemasema. Mtu akifiwa anapikiwa kahawa, anakatiwa mkate mtamu wa iliki, kisha kila mmoja anarudi kwenye shughuli zake na kumwacha akwame na uchungu wake kooni. Urho na mkewe Kaisu walikuwa wakinywa kahawa ya namna hiyo tangu Julai, mwezi ambao mtoto wao wa pekee, Jouni, alisimama ukingoni mwa boti hiihii kujisaidia, bila jaketi la kuokolea, akateleza. Baba yake alikuwa amelala chumbani chini. Mwili wake haujaonekana mpaka leo.

Kaisu hakuwa na haja ya kutafuta wa kumlaumu. "Wewe ndiye uliyemzoeza," alimwambia mumewe mlangoni mwa kanisa, mbele ya mchungaji. "Kila akivaa jaketi ulimcheka. Ulimwita bibi harusi." Na ilikuwa kweli.

Sasa, kuilaza boti kwa majira ya baridi ni kazi ya watu wawili. Injini huwashwa boti ikiwa nchi kavu, mpira wake wa kunyonyea ukiwa kwenye ndoo ya dawa ya rangi ya waridi, dawa isiyoganda. Injini inainywa dawa na kuyasukuma nje maji ya bahari yaliyobaki tumboni mwake, na mtu wa pili anasimama nyuma ya boti, amelikodolea macho tundu la moshi mpaka aione hiyo rangi. Hapo anapiga kelele, "Inatoka, Baba!" na injini inazimwa. Ikizimwa mapema maji yanabaki ndani, yanaganda, na chuma kinapasuka. Tangu utotoni, wa nyuma alikuwa Jouni.

Mwaka huu wenzake wa klabu ya boti walikuja kujitolea, Urho akawafukuza kwa adabu. Ukaidi tu. Alitega ndoo nyeupe chini ya tundu la moshi, akakusudia kukimbia huku na huku mwenyewe, mzee mzima mwenye magoti mabovu.

Akawasha. Dawa ikaanza kupungua. Alikuwa bado ameinama juu ya injini, mwanga wa turubai la kijani ukimwangukia mgongoni, sauti ikaita kutoka nyuma:

"Inatoka, Baba!"

Mkono wake ulizima injini kabla akili haijafika. Akashuka ngazi, akazunguka nyuma. Hapakuwa na mtu. Kwenye ndoo nyeupe kulikuwa na maji matupu, hayana hata tone la waridi.

Akarudia. Sauti ikaita mapema zaidi, na mkono wake, mjinga ule, ukatii tena. Alipopanda kujaribu kwa mara nyingine, ilimwita kabla hajagusa swichi, safari hii kutoka ndani ya bomba la sinki, karibu kabisa na sikio lake, taratibu, kwa sauti ya mtu aliyechoka kuogelea.

"Unaongea na nani?"

Alikuwa Kaisu, amesimama kwenye ngazi na chupa ya chai mkononi, maana kahawa ilikuwa imemtoka moyoni.

"Siongei na mtu."

"Usinifanye mtoto, Urho. Nimesikia."

Bomba likakohoa. Hakuna aliyekuwa amelifungua. "Mama," likasema, "huku kuna baridi."

Kaisu akapiga magoti, akaweka shavu kwenye ule mdomo wa chuma. Tangu Julai Urho hakuwa amemwona akilia, na sasa machozi yalimtoka bila kelele yoyote.

"Mama Jouni, ondoka hapo," Urho alinong'ona. "Huyo si yeye. Mara mbili amenizimisha injini na maji yangali ndani. Jouni hakuwahi kunidanganya kwenye kazi hii hata siku moja."

"Wewe ulimdanganya kwamba bahari haimgusi mwanamume. Leo ndiyo umekuwa mtu wa ukweli?"

"Redio imesema baridi kali inaingia leo. Lazima niyamwage maji yote."

"Ukiyamwaga, unammwaga mwanangu." Alisema polepole, akimtazama. "Mara ya pili, Urho. Jaribu uone."

Urho akaenda kumwita Pentti, fundi injini wa uwanja, bwana mnene asiyekwisha utani.

"Vipi, mzee, injini ina mimba?" Pentti alidakia kutoka chini ya boti nyingine. Lakini aliposikiliza habari yote alijifuta mikono muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akachukua galoni la pombe kali kutoka kabatini.

"Mabomba ya kunywea huwa tunayawekea pombe, hilo unalijua," alisema wakitembea, ameshusha sauti. "Bibi yangu alisema pombe ndiyo inayowachoma na hao."

"Hao nani?"

"Wenye maji. Mtu akizama asionekane, mmoja wao anaichukua sauti yake na kuivaa. Bahari inakaribia kufunga barafu, bwana. Naye anatafuta pa kulala mpaka majira ya kuchipua. Pa vuguvugu."

Walipopanda botini, Kaisu alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani. Kifua cha sweta lake kilikuwa kimelowa chapachapa. Ile ndoo ya maji ya tangi, iliyokuwa imejaa pomoni, ilikuwa tupu.

"Nilikuwa na kiu," alisema.

Pentti akaitazama ndoo, akamtazama mwanamke. Akaanza kumimina pombe kwenye tangi, Urho akaanza kupiga pampu, na hapo boti nzima ikapata mdomo, maana sauti ililia "Inatoka!" kwenye sinki, ikalia "Inatoka, Baba!" chooni, ikahamia kwenye bomba la kuogea la nyuma na huko ikawa ya mtoto mdogo, Jouni wa meno ya utotoni, ikiomba taa isizimwe, ikiomba isiachwe peke yake, na Urho aliendelea kupiga pampu huku amefumba macho na kamasi zikimshuka midomoni, akaziacha zishuke, akapiga mpaka kila bomba likatema pombe tupu, kisha wakahamia kwenye injini, wakaiwasha, na sauti ikaita na kuita na kuita naye akaung'ang'ania mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto ili usiguse swichi, mpaka Pentti, aliyesimama nyuma kwenye baridi, alipopaza sauti yake nzito ya kizee kwamba rangi ya waridi hiyo hapo, kweli kabisa, zima.

Urho akazima. Boti ikanyamaza. Kaisu hakugeuza hata kichwa, alikuwa anatabasamu.

Pentti alimvuta Urho pembeni, chini ya ngazi.

"Boti yako safi," alinong'ona. "Mkeo ndiye asiye safi. Yule kahamia kwake."

"Nimpe pombe?"

"Kanywa ndoo nzima, Urho, pombe haitayafikia maji yote hayo. Angekuwa mtu tu angekuwa anatapika saa hii." Akatazama viatu vyake. "Kilichobaki kumtoa mle ni baridi. Umlaze nje leo, atatoka. Lakini na mkeo utakuwa umempoteza. Mimi hapo siwezi kukusaidia, na wala sitaki uniulize tena."

Jioni hiyo Kaisu alilala mapema. Kila alipojigeuza kitandani maji yalisikika yakigeuka naye. Nyumba ilinuka mwani mpaka jikoni, na kipimajoto cha nje ya dirisha kilikuwa kinashuka.

"Wewe ulitaka kumtupa," alisema, bila hasira tena, na huko kukosa hasira ndiko kulikomuumiza Urho. "Kwangu hagandi. Lete mkono."

Angeweza kumnyima mkono wake. Aliuweka. Tumbo la mkewe lilikuwa gumu na lenye joto, na chini ya ngozi kitu kikajinyoosha, kikauegemea mkono wake. Kisha midomo ya Kaisu ikiwa imefungwa kabisa, kikacheka, kicheko kilekile cha Jouni cha kukoroma kidogo puani, ambacho Urho alikuwa ameshaanza kukisahau.

Alijua ni nani. Alijua hakuna mwana wake humo, kuna mwizi tu aliyejifunika sauti yake, na kwamba ifikapo majira ya kuchipua kitu hicho kitamwacha Kaisu akiwa mfu, kama kilivyomwacha Jouni. Mlango wa nje ulikuwa hatua chache tu, na baridi ilikuwa tele.

"Moto unazimika, Baba," kikasema.

Urho akavaa koti, akatoka kwenda kuleta kuni.