Santuri ya Mawifi

Jirani yetu Amne, wa nyumba ya ngazi mbovu kule Malindi, hakuwa mtu wa kutishika ovyo. Asubuhi ya siku ile alikuwa amekaa ukumbini akimlisha mwanawe Ahmada uji. Mumewe Hamad alikuwa kazini bandarini. Wifi yake, Rahila, akaingia na boksi bapa kalikumbatia kifuani.

"Hodi, mama mzazi. Bado wanuka maziwa tu?"

"Na wewe bado wanuka safari," Amne akacheka. "Karibu, wifi."

Ndani ya boksi mlikuwa na santuri, nyeusi na nzito, ya zile walizokuwa nazo wazee wetu. Amne akaigusa kwa ncha ya kidole, akafuta kidole kangani, kisha akaigusa tena. Ilikuwa albamu yao.

Mjini walijulikana kwa jina la Mawifi. Walianza na nyimbo laini za mapenzi, za harusini na redioni, sauti ya Amne juu na ya Rahila chini. Halafu Rahila akachoka. Alisema hataki tena kuwaimbia watu wanaokula biriani. Alitaka muziki wa roki, wenye magitaa ya kukwaruza na vishindo visivyofuata mpango, na alitaka utoke kwenye santuri. Kazim, muuza vitu vya kale, alikuwa na mashine ya babu yake ya kuchonga santuri, na sahani tupu, zisizochongwa bado, zilizobaki tangu zama hizo.

Sauti ya Amne ilirekodiwa miezi ya nyuma, chumbani mwake, arubaini yake ya uzazi bado haijatimia, mtoto yuko kifuani ananyonya. Rahila alikaa nyuma ya pazia na vyombo vyake.

"Mimi n'takuita, wewe itika. Sauti yangu ya kuita n'taiingiza baadaye. Basi."

Amne alisita. Bibi yake, Bi Biasha, alimkanya tangu mdogo asimwitikie mtu asiyemwona uso, na mzazi aliye ndani ya arubaini ndiye asithubutu kabisa.

"Sasa mimi jini?" Rahila akasema nyuma ya pazia. "Na kile kisu cha chini ya mto nshakitoa. Chuma kinavuruga maikrofoni."

Kisu kile kiliwekwa pale kumlinda mtoto. Lakini Rahila alikuwa wifi yake, shangazi wa mtoto, na mambo ya maikrofoni aliyajua yeye. Amne akaitika.

Sasa, asubuhi ile ya boksi, Rahila aliingiza mashine ya kuchezea santuri aliyoiacha mlangoni, akaiweka mezani, akambusu Ahmada utosini, akasema anawahi boti ya Dar kwenda kuonyesha albamu.

"Isikilize ukiwa peke yako," alisema mlangoni. Hakugeuka.

Baada ya adhuhuri Amne akaweka sindano. Yakaja magitaa, yakakwaruza kama bati linaloburutwa juu ya mawe. Ngoma zikafuata, zikaanguka, zikaamka. Kisha kimya. Katika kimya kile ikatoka sauti yake.

"Naam."

Kimya.

"Naam."

Aliyeita hakusikika. Amne alidhani Rahila kasahau kuingiza sauti yake. Akarudisha sindano nyuma. Mara hii palikuwa na pumzi. Mtu alikuwa akivuta pumzi, karibu sana.

Akairudisha tena.

"Amne."

Haikuwa sauti ya Rahila. Haikuwa ya mwanamke wala ya mwanamume. Ililitaja jina taratibu, kama mtu anayeonja chakula.

"Naam," santuri ikaitika kwa sauti yake, na koo lake likapoa.

Alitaka kusema bismillahi. Midomo ilicheza. Hakikutoka kitu.

Alimpakata mtoto, akaibeba santuri, akakimbilia dukani kwa Kazim. Alifungua kinywa kumwamkia.

"Marahaba, mwanangu," mzee akasema kwa mazoea. Kisha akamtazama, maana shikamoo hakuisikia.

Amne aliweka santuri mezani, akaonyesha michirizi kwa kidole, kisha akashika koo lake. Kazim hakuigusa.

"Nilimwambia wifi yako," alinong'ona. "Nilimwambia, binti, hapa mtu anaitika na hakuna anayeita. Akaniambia nipaache wazi. Mwenyewe atakuja kupajaza."

Akamtazama mtoto, akateremsha macho.

"Upande wa pili hauna ala yoyote. Mtoto ananyonya tu. Nikamuuliza, na huu pia uachwe wazi? Akasema na huo pia."

Amne alipiga simu akiwa kizani mwa ngazi. Rahila akapokea. Akasikiliza ule ukimya.

"Ushaisikiliza, eh," akasema polepole. "Wenyewe wale walitaka sauti ya mmoja wetu, wifi yangu. Mimi nna sauti hii tu. Wewe ushazaa, una mume, una nyumba. Sauti ilikuwa ya nini tena?"

Amne alivuta pumzi kumuuliza habari ya mtoto. Simu ikakatika.

Siku ile ile aliivunja santuri kwa mchi, akafunga vipande kwenye kipolo cha gunia pamoja na jiwe, Hamad akakitupa baharini. Kisu kikarudi chini ya mto. Bi Biasha akaja na ubani, akasoma mpaka sauti ikamkauka na yeye. Koo la Amne halikufunguka. Huko Dar wanasema Rahila anapanda jukwaani peke yake, lakini sauti zinazotoka ni mbili, moja juu, moja chini.

Juzi tu, baada ya alasiri, Amne alikuwa akikunja nguo. Ahmada alikaa mkekani. Hajaota jino hata moja, hajui kusema mama. Upepo haukuwapo, wala mtu hakuwapo ukumbini. Mtoto akageuza shingo. Akatazama pazia. Akatulia, kama anayesikiliza.

Amne akaangusha nguo. Alitaka kumwambia asiitike. Hakuwa na cha kumwambia nacho.

Mtoto akafungua kinywa.

"Naam," akasema, kwa sauti ya mama yake.