Inchi Moja ya Weldon

"Usiuguse huo ubao, Corinne! Utatia nuksi!"

Nilikuwa natafuta ufagio tu. Ubao wenyewe, mweupe, wa kupimia theluji, ulikuwa umeegemezwa ukutani jikoni. Weldon na kundi lake la watazama theluji wana imani yao: ubao ukitoka nje kabla ya chembe ya kwanza kuanguka, theluji inageuka mvua. Hapa mjini Mobile, kusini kabisa mwa Marekani, inaanguka mara moja kwa miaka mingi, kwa hiyo wamepata muda wa kutosha wa kuwa wehu.

"Weldon, umenunua mikate tisa."

"Barabara zitafungwa, mpenzi. Ramani zote za hali ya hewa zimekubaliana! Inchi mbili!"

"Mwaka jana pia zilikubaliana."

Alitoka uani kusoma kipimajoto, simu kaiacha mezani. Ikalia. Ni ujumbe wa Purvis wa Pascagoula, mji jirani, rafiki yake wa kundini:

"Kaka, leo ndiyo leo! Inchi moja tu ikilala kwenye ubao, unamvisha Corinne pete. Nadhiri ya miaka saba si mchezo!"

Niliusoma mara tatu. Miaka saba mama yangu ananiuliza kama huyu mwanaume ana mke mji mwingine, Biloxi. Miaka saba nahudhuria harusi za wadogo zangu, nikirudi nalia bafuni, nikiamini hanitaki. Kumbe nangojea mawingu!

Akaingia anachekelea.

"Zimebaki nyuzi tatu tu maji yagande!"

"Pete iko wapi?"

"Pete gani?"

"Weldon, usinichezee."

Akaangalia viatu vyake. "Kwenye friza. Chini ya bonge."

Bonge nilikuwa nalijua vizuri. Ndilo bonge la theluji nililomrushia kichwani kwenye maegesho ya duka, siku tuliyokutana, theluji ilipoanguka mara ya mwisho. Aliliokota, akalifunga kwenye mfuko, na mpaka leo limekalia nafasi ya kamba wangu.

"Niliapa mbele ya kundi zima," akasema. "Siku theluji ikirudi, ikalala inchi moja, napiga goti. Nilidhani ni miaka miwili tu, Cori."

"Na mitano iliyofuata ukawa unanitazama nalia?"

"Nadhiri ni nadhiri."

"Basi oa mawingu!"

Nilivuta sanduku langu kutoka chini ya kitanda. Nikiwa natupia nguo, tukasikia paa linaanza kulia. Weldon akakimbilia dirishani. Mvua. Mvua tupu, baridi, ya kawaida.

Simu ikalia tena. Purvis: "Huku maji tu. Pole, kaka."

Weldon akashusha pumzi. "Labda mwaka uja..."

"Ukimaliza hilo neno, natoka na sirudi!"

Hasira zikanipanda mpaka utosini. Nikafungua friza, nikatoa bonge, nikamtupia kisanduku cha pete kifuani, nikabeba bonge na ubao nje.

"Corinne, usiutoe!"

"Mvua ishakuja, nuksi gani tena?"

Nikaliponda bonge kwa nyundo juu ya ubao.

"Pima!"

"Hii haihesabiki, mpenzi."

"Haikuanguka kutoka juu?"

"Ilianguka."

"Hapa hapa Mobile?"

"Hapa hapa."

"Basi pima kabla haijayeyuka!"

Akachutama kwenye tope na rula yake. Hata hapo hakuweza kudanganya, mjinga yule.

"Robo tatu ya inchi."

Nikaikusanya ipande juu kwa viganja vyote viwili, vidole vikafa ganzi.

"Sasa?"

"Inchi moja," akanong'ona. "Na kidogo."

Akapiga goti, akafungua kisanduku, machozi na mvua vikichanganyika usoni.

"Corinne, utakubali nikuoe?"

"Nitakujibu theluji ikianguka tena."

Uso ukamkauka. Nikamwacha alowe hapo nikihesabu mpaka saba, mwaka mmoja mmoja. Kisha nikashindwa, nikacheka, nikalia.

"Ndiyo, wewe mwehu. Nakupenda. Simama utapata homa."

Jioni aliliandikia kundi: "Inchi moja. Kakubali."

Purvis akajibu mara moja: "Inchi?! Huko Mobile?! Tuma picha!"

Picha haikuwepo, maana theluji ya ubaoni ilishakuwa maji.

Tarehe ya harusi niliichagua mimi: katikati ya Julai, kwenye joto la kulegeza keki, ili siku hiyo asiangalie mawingu, aniangalie mimi. Hata hivyo, tukiwa katikati ya kiapo, aliinua macho juu mara moja.

Nilimfinya.