Mama Alikimbia na Nailoni Tumboni

Jumapili asubuhi hapa Bogotá, barabara kubwa hufungwa, magari yasipite. Watu hutoka na baiskeli, na mbwa, na watoto. Mama yangu, Nubia, alikuwa akitoka na nailoni.

Alijizungushia tumboni nailoni ya kufunikia chakula, kisha akavaa sweta nzito juu yake.

"Jasho likitoka, Yurani, kitambi kinayeyuka," aliniambia. Mtaani kwetu wengi huamini hivyo.

Daktari alikuwa amemwonya kwamba sukari yake inapanda. Bibi yangu alikatwa mguu kwa sukari, kisha akafa. Ndiyo maana Mama alianza mazoezi ya wanaoanza: unakimbia kidogo, unatembea, unakimbia tena. Kila wiki mbio zinaongezeka.

Wiki ya tatu alishikwa na kizunguzungu. Akaketi ukingoni mwa barabara.

"Basi. Sirudi tena," alisema.

Niliogopa. Niliukumbuka mguu wa Bibi.

Jirani yetu Edilma, anayeongoza kikundi cha wakimbiaji wapya, alitufikia. Aliinua sweta, akaona.

"Jirani, unakimbia au umefungwa kama tamali ya mahindi inayochemshwa ndani ya majani ya mgomba?"

Mama alicheka bila kutaka. Edilma akaifungua ile nailoni. Maji yakachuruzika.

"Haya ni maji, si mafuta. Ukinywa yanarudi yote. Jasho likikosa hewa, mwili haupoi. Utazimia!"

"Na wale wasichana wanaonipita?"

"Waache wapite. Wewe nenda mwendo wa umbea. Ukishindwa kuongea, punguza."

"Wiki ya tatu imenishinda, jirani."

"Irudie! Nani anakufukuza? Ukikimbia leo, kesho pumzika. Na usiende peke yako. Siku ya uvivu nitakugongea."

Kweli, Jumanne aligonga. Manyunyu yalikuwa yakianguka. Mama alijificha jikoni.

"Mwambie sipo," alininong'oneza.

"Mama anasema hayupo," nikamwambia Edilma.

Walicheka wote wawili, mmoja mlangoni, mwingine jikoni. Mama akavaa viatu.

Waliirudia wiki ya tatu, tena na tena, mpaka ikawa nyepesi. Wakasonga mbele polepole, wakipashana habari za mtaa mzima.

Miezi ikapita. Daktari alimpima tena.

"Sukari imeshuka, mama. Endelea hivyohivyo."

Mama alinishika mkono, akashusha pumzi ndefu. Nami nikashusha yangu.

Nailoni ilirudi jikoni kufunika arepa, mikate yetu ya mahindi. Jumapili iliyofuata Edilma alichelewa kutoka. Mama ndiye aliyekwenda kumgongea.

"Jirani, amka! Umbea unapoa!"