Gauni la Vipande Vitano

Jua lilikuwa linazama nilipoingia chumba cha nyuma kutafuta beseni la kuogeshea mtoto. Mimba yangu ilikuwa ya miezi minane. Mume wangu alikuwa hajarudi kutoka kazini.

Majirani walimwita Bwana Stoo. Hakutupa kitu: magazeti, makopo, redio zilizokufa, matambara. Nikinung'unika, ananijibu kwa upole, "Acha tu, mama watoto. Vitahitajika." Aliniita hivyo ingawa hatukuwa na mtoto hata mmoja. Nilidhani ni matumaini. Nilimpenda, basi nikazoea kupita upande upande ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Nilisogeza boksi. Nikasogeza lingine. Nyuma ya rundo la magazeti lililofika dari palikuwa na nafasi ndogo... imefagiliwa safi.

Harufu ya sabuni ya mtoto.

Palikuwa na godoro dogo. Juu yake, gauni.

Mimi ni fundi cherehani, na kazi ya mkono wangu siisahau. Gauni lile jeupe lenye maua ya njano nililishona miaka mitano iliyopita, kwa ajili ya binti yetu aliyezaliwa bila kulia. Nilibaki hospitalini sijiwezi, mume wangu akaenda kuzika. Aliniambia amemzika nalo. Kila mwaka nilipalilia lile kaburi na kulia, naye amenishika bega.

Sasa gauni lilikuwa refu. Chini ya pindo langu kiliungwa kipande cha shuka letu la zamani. Chini yake, kipande cha shati lake la harusi. Kisha pazia. Kisha foronya. Kisha sketi yangu niliyoitafuta mwaka mzima. Vipande vitano, vimeshonwa kwa mkono, mishono imepinda.

Nililigusa kwapani.

Lilikuwa na jasho. Bado la moto.

Ndani zaidi, nyuma ya rundo jingine la magazeti, kitu kikakwaruza... kikatulia... kikakwaruza tena.

"Baba?" sauti ikanong'ona. "Umerudi?"

Hakuniita mimi. Hakujua kama nipo duniani.

"Usimtishe," mume wangu alisema taratibu mlangoni. Sikumsikia akiingia. "Hajazoea watu."

"Kaburini kuna nini?"

"Boksi."

"Miaka mitano umeniacha nililie boksi?"

Aliinamisha kichwa. "Ungemtupa, mama watoto. Wewe unapenda kutupa."

Woga ulikuja baadaye. Kwanza ilikuwa hasira, na uchungu ambao sijawahi kuupata hata siku ile ya hospitali. Sijui alikwenda kwa nani, wala alitoa nini ili arudishiwe kile kilichokuwa nyuma ya magazeti. Sikuuliza. Nilimpita mlangoni nikatoka peku mpaka kwa dada yangu, mtaa wa tatu.

Huko ndiko nilikojifungua. Mtoto wa kiume, mzima, anayelia mpaka majirani wanagonga ukuta. Baba yake hajaja kumwona. Hajatuma hata salamu.

Jana jioni nilikwenda kuanua nguo kambani. Fulana ya mwanangu, ambayo ilianza kumbana, ilikuwa imeongezwa kipande kwa chini. Cheupe, chenye maua ya njano. Mishono imepinda, midogo, kama ya mtu anayejifunza.

Nilimwuliza dada kama ni yeye. Alicheka.

Dada yangu hajui hata kutia uzi kwenye sindano.